Ruwaza ya Wafu

Saa mbili kamili asubuhi ya Jumanne niliwafunga wafu elfu arobaini na moja kwa mstari mmoja wa alama, kisha nikaenda kunywa chai.

Nasema niliwafunga mimi kwa sababu mstari ule niliuandika kwa mkono wangu. Pale Mamlaka ya Vikoa, kanda ya Tabora, tulikuwa mafundi wa ruwaza wanne, na wenzangu waliniita Bi Nyundo kwa kuwa sina subira na kazi ya kubembeleza. Ruwaza ni maelezo ya umbo la jina. Huuambii mtambo jina lenyewe, unauambia linavyofanana: linaanza na nini, katikati kuna nini, linaishia wapi. Mtambo unapita kwenye vikoa vyote vya nchi na kila kinachofanana na maelezo yako unakikamata. Na kwa kuwa kila mtu ana kikoa chake, yaani anwani yake mtandaoni, tangu siku anayozaliwa, na simu yake, mlango wake na cheti chake cha kliniki vyote vinaitika kwa kikoa hicho, fundi akikosea ruwaza anakuwa amekosea watu.

Lakini asubuhi ile hakuna aliyewaza makosa. Mkurugenzi wetu, Bi Tausi Ngayiwa, aliagiza chapati na supu kwa ofisi nzima, akasimama mbele yetu na kikombe mkononi.

"Kalunde Shigela," alisema, "mdogo wangu angekuwepo leo angekushukuru mwenyewe."

Akashindwa kuendelea, akaketi. Sote tulijua kwa nini. Miaka mingi watu walikuwa wakiacha sauti zao kwenye vikoa. Mtu akifa, kikoa kinabaki na maneno yake na kicheko chake, na familia ikimkumbuka inampigia, inaongea naye kidogo. Tuliviita vivuli, na havikuwa na ubaya. Kisha matapeli wakavamia vikoa vya wafu, na vivuli vikaanza kupiga simu vyenyewe. Mjane anapigiwa na marehemu mumewe: achana na hizo dawa za hospitali, kuna nyingine nakuletea. Anapigiwa kwa jina lile la chumbani ambalo hakuna mwingine anayelijua. Wewe ungekataa? Mwezi uliopita walikunywa na kufa watu kumi na mmoja, na mmoja alikuwa mdogo wake Bi Tausi.

Miezi minane nilikaa na ruwaza ile. Nilikuwa na chapati ya pili mkononi simu yangu ilipotikisika.

"Mamlaka ya Mji inatoa pole kwa familia kwa kuondokewa na Nkwabi Shigela, miaka thelathini na nane. Gari la maziko liko njiani."

Nkwabi ni kaka yangu, ninamtangulia miaka mitatu. Jumapili tulikula ugali pamoja kule nyumbani Sikonge akanicheka kwa kunenepa. Nilisoma ujumbe mara ya pili, mara ya tatu, halafu nikampigia.

"Mwenye namba hii ametangulia mbele za haki," ilisema sauti ya mtambo, taratibu, kwa adabu zote. "Tunawapeni pole."

Chapati ilianguka. Yusta, fundi aliyekaa pembeni yangu, aliniuliza kuna nini, nikamgeuzia ujumbe ausome. Simu ikaita. Alikuwa mama.

"Kalunde, mwanangu, hebu nieleze. Hapa nje kuna gari la maziko."

"Shikamoo mama. Mama, Nkwabi yuko wapi?"

"Marahaba. Baba? Yupo, anagombana nalo."

Mama hajawahi kumtaja kaka yangu kwa jina. Jina ni la baba mkwe wake, na mkwe hatajwi hovyo, kwa hiyo tangu Nkwabi akiwa na siku saba mama anamwita Baba, anampa kiti, na akimkosea anamwomba radhi.

"Gari lenyewe halina dereva," mama aliendelea. "Linasema haliondoki bila marehemu. Baba kaliambia marehemu ndiye yeye na bado hajamaliza uji."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti mpaka watu wakageuka, kwa sababu yu hai, anakunywa uji, anabishana na gari. Kicheko hakijaisha nikakumbuka betri ya moyo wake, ile aliyopandikizwa kifuani, nikamwita Yusta.

*

Yusta ndiye aliyeifungua ruwaza kwenye kioo kikubwa. Mtambo ulikuwa umeunakili mstari wangu kwa kila marehemu na kuingiza jina lake, na tukautafuta wa babu yetu:

^(.*\.)?nkwabi\.mihayo\.sikonge\.uhai$

"Hapo mwanzo," alisema Yusta. "Nukta na nyota."

Nukta maana yake herufi yoyote ile. Nyota maana yake kwa wingi wowote. Ukiziweka mbele ya jina la marehemu, unauambia mtambo: kamata kikoa chake na kila tawi lililo chini yake, liitwe liitwavyo. Nilifanya hivyo kusudi. Matapeli hawakukaa kwenye kikoa chenyewe cha marehemu, walijifungulia matawi chini yake, wakayapa majina ya kawaida ya kifamilia, leo mwana, kesho kijana. Niliona nukta na nyota zitawazoa wote kwa mkupuo.

Sasa nikuambie desturi ya kwetu. Mtoto anayerithi jina la babu, au la bibi kwa wa kike, haandikishiwi kikoa kipya. Wazee wanakuja, wanakaa, wanakula, halafu mtoto "analazwa chini ya babu", yaani anapewa tawi kwenye kikoa cha babu yake ili jina lisikatike. Kaka yangu ni mjukuu.nkwabi.mihayo.sikonge.uhai. Ndivyo walivyo maelfu kutoka Igunga mpaka Kaliua. Ruwaza niliijaribu kwa wiki tatu kwa majina ya Dar es Salaam na Dodoma, ambako watu hawalazi mtoto chini ya mtu, na haikukosea hata mara moja.

Na nilijua. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Mgeni angekosea ningemtetea. Mimi nimehudhuria shughuli zisizopungua tano za kulaza watoto, nimekula pilau yake, nimepiga vigelegele. Nikaja ofisini, nikavaa ufundi wangu, nikasahau kwetu.

"Wangapi?" aliuliza Bi Tausi. Alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini.

"Walio hai waliofungwa? Karibu elfu sita," alisema Yusta. "Milango, simu, vyeti. Hayo yanarekebishika. Tatizo ni hawa." Akaonyesha orodha fupi pembeni ya kioo. "Betri za moyo sitini na tatu zimejibu kwamba zimepokea taarifa ya kifo."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Zamani betri za moyo ziliendelea kupiga ndani ya maiti, waosha maiti wakakimbia na ndoo zao, na ikatungwa sheria: kikoa kikifungwa kwa kifo, betri inasubiri saa sita kisha inazima. Tulikuwa tumefunga saa mbili. Zingezima saa nane mchana.

Yusta alipiga simu hospitali ya mkoa. Daktari wa zamu alijibu kwamba betri haimsikilizi yeye, inalisikiliza daftari la uhai, na daftari liko kwetu. Akatukatia simu kwa tusi ambalo tulilistahili.

"Naiondoa ruwaza," nilisema, na mkono wangu ukaenda.

Bi Tausi aliushika. Hakuwa mtu wa kushika watu.

"Tazama kwanza kule," alisema.

Kwenye kioo cha pili mlikuwa na mlango wetu wa nje, na kuna waliokuwa wanaugonga mara elfu tisa kila sekunde. Walikuwa wakigonga tangu saa mbili. Mitambo ya matapeli ilikuwa imekaa tayari, funguo mkononi.

"Sasa wamejua tunafunga. Ukifungua hata dakika moja wanawahamisha wafu wote nje ya nchi," alisema. "Elfu arobaini na moja. Huko sheria yetu haifiki wala ruwaza yako haifiki. Watapiga simu mpaka mwisho wa dunia, Kalunde, na hakuna atakayewazima. Mwezi mmoja, kumi na mmoja. Wewe piga hesabu ya miaka."

"Basi niandike nyingine. Iache walio hai."

"Iandike," alisema. "Nakusubiri."

Nilikaa dakika ishirini. Nilijaribu kila njia ninayoijua. Ruwaza inaona umbo la jina, na tawi la mjukuu anayekunywa uji Sikonge na tawi alilofungua tapeli juzi yalikuwa na umbo lilelile. Daftari la uhai nalo halikunisaidia, kwa sababu ruwaza yangu ndiyo iliyokuwa imeandika humo kwamba wote wamekufa. Nilijikuta mbele ya kioo, miaka kumi na saba ya kazi, sina la kuandika.

Ilibaki njia moja, ufufuo. Kweli ndivyo inavyoitwa kwenye fomu. Anayedaiwa kufa anasimama mbele ya kamera pamoja na ndugu wa damu, ndugu anaapa, mtambo unasikiliza pumzi na kupima damu kidoleni, kisha kikoa chake kinafunguliwa peke yake. Mmoja mmoja, dakika sita, wala hauwezi kuharakishwa, maana matapeli waliwahi kutuletea watu wa bandia kwa mafungu. Na waliofungwa hawakuwa na simu. Ilibidi tuwatafute kwa majirani, kwa watendaji wa vijiji, kwa wenye maduka.

"Anza na kaka yako," alisema Bi Tausi kwa sauti ya chini. "Hakuna atakayekulaumu."

Nilianza na kaka yangu. Sijifichi. Nilijua sitini na wawili wengine wana dada zao, na bado nikamweka wa kwanza.

*

Mama aliapa kupitia simu yake, Nkwabi amesimama kando yake na kidole kikivuja damu.

"Huyu ni nani wako?" aliuliza mtambo.

"Mwanangu wa kumzaa."

"Taja jina lake."

Nilimwona mama kwenye kioo akikunja kitenge, akitazama chini. Sekunde zilikuwa zinakwenda.

"Mama," nilisema, "mtaje. Babu atakusamehe."

"Naitwa Nkwabi mimi," kaka alidakia, na mtambo ukamkatalia, ukasema marehemu hajitaji.

Mama alifunika uso kwa kitenge na ndani ya kitenge akalitaja, mara moja, kwa sauti ya mtu anayeungama. Saa tano kasorobo kaka yangu akawa hai. Alinipungia mkono, akasema gari limeondoka bila kuaga. Nililia palepale kwenye kiti, nikajifuta kwa pindo la shati, nikaita anayefuata.

Tulimfufua fundi cherehani wa Igunga. Tulimfufua mama mmoja wa Urambo aliyeletwa kamerani na mkwewe, mtambo ukamkataa kwa kuwa mkwe si damu, ikabidi mwanaye atafutwe shambani. Wengine walitufikia haraka, wengine walikula dakika arobaini. Saa saba na dakika arobaini mchana walikuwa kumi na saba. Walibaki arobaini na sita.

Ndipo akapiga mwalimu Kapela kutoka Nzega, mstaafu, sauti yake imenyooka kama bado yuko darasani. Alikuwa amesimama dukani na mkewe na mtoto wao wa kike, foleni ikiwaonyesha namba thelathini na tisa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, sikuchukulii muda. Mke wangu Nyanzala amekaa hapa kwenye gunia la mchele. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne. Saa moja ina dakika sitini, nanyi mnatumia sita kwa mtu. Nataka uniambie ukweli, ili nijue nimweleze nini. Tutafikiwa?"

Nilifungua mdomo. Bi Tausi alikuwa ananitazama. Ningeweza kumwambia tunajitahidi mwalimu, muwe na subira mwalimu. Maneno hayo tunayo mengi ofisini.

"Hapana," nilisema. "Hamtafikiwa."

Nyuma yake mwanamke akauliza, "Wanasemaje?" naye akamjibu kwa upole sana, "Wanasema tusubiri kidogo."

Niliweka simu chini.

"Kalunde," alisema Bi Tausi. "Hao arobaini na sita nawaona kama unavyowaona. Lakini wale watakaopigiwa kesho huwaoni, kwa sababu hawajakaa kwenye gunia mbele yako. Mdogo wangu hakuna aliyemwona. Alikuwa peke yake, na kikombe."

Alisema kweli. Nilikuwa na hasira tu, hasira na nukta yangu na nyota yangu, na sikio langu bado lilikuwa na sauti ya mwalimu akimdanganya mkewe kwa niaba yangu.

"Nyanzala sijamuua bado," nilisema. "Nikikaa hapa mpaka saa nane nitakuwa nimemuua."

Bi Tausi hakuushika mkono wangu mara hii. Aligeuka akatazama ukutani. Saa saba na dakika hamsini na mbili niliiondoa ruwaza.

Betri arobaini na sita zilijibu, moja baada ya nyingine, kwamba zimepokea taarifa ya uhai. Kwenye kioo cha pili kugonga kulikoma, ghafla, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Wafu elfu arobaini na moja waliondoka nchini kwa sekunde kumi na tisa. Yusta alihesabu kwa sauti kisha akaacha kuhesabu.

*

Bi Tausi hakunifokea. Aliniomba kitambulisho, nikampa, akasema niende nyumbani. Nilikodi gari, nikafika Sikonge saa kumi na robo. Uani kulikuwa na watu wengi waliokuja na vitenge vya msiba, na kaka yangu alikuwa katikati yao akipokea pole za kifo chake mwenyewe na kuwagawia soda. Aliponiona alininyanyua juu.

"Marehemu anakushukuru!" alisema, na watu wakaangua kicheko.

Nilimshika kifua kwa kiganja. Betri ilikuwa inapiga. Nilisimama hivyo muda mrefu, naye akaniachia, na kwa dakika ile sikujutia kitu chochote duniani.

"Mama yuko wapi?"

"Ndani, amechoka. Leo kamtaja mkwe wake, aibu haijamwisha. Muache apumzike."

Niliingia. Mama alikuwa kitandani, ameegemea ukuta, simu sikioni, na uso wake ulikuwa laini. Sikuwahi kumwona hivyo tangu tumzike baba, miaka minne iliyopita. Alinipa ishara nikae karibu yake.

"Kaja Kalunde," aliiambia simu. Kisha akaielekeza kwangu. "Msalimie baba yako."

Niliinama karibu na simu.

"Kalunde," ilisema simu, kwa kile kikohozi kidogo cha baba kabla ya jina langu. "Umeniachia niongee na mama yako. Ahsante, mwanangu."

Niliipokonya simu, nikaizima, nikaitupa kitandani. Mama hakunigombeza. Alinitazama kwa huruma, mimi niliyepaswa kumhurumia yeye.

"Najua ulichotaka kusema," alisema. "Mmetuambia redioni mwaka mzima. Najua si yeye. Lakini leo asubuhi gari la maziko limekuja kwangu, na nimekosa adabu kwa baba mkwe wangu, na nilikuwa naogopa, Kalunde. Kapiga saa nane na dakika tano. Kaniambia nilifanya vizuri kulitaja lile jina. Nani mwingine angeniambia hivyo?"

"Mama, amekuambia ufanye nini?"

"Niache dawa za presha. Ndege ndogo ya dawa, ile isiyo na rubani, imeleta nyingine, imetua pale nyuma, watu wote wako mbele na Baba."

Kwenye kigoda kulikuwa na chupa ndogo bila karatasi. Kando yake palikuwa na kikombe. Nilikishika, nikakigeuza, kilikuwa kitupu.

"Mama. Umekunywa saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, kabla hujaingia," alisema mama. "Kanisubiri kwenye simu mpaka nikamaliza."